Mashine ya Kumi na Nne

Kagwe anaambia watu ati yeye ndiye aliyeanzisha bendi yetu, Shifti ya Pili. Mwezi uliopita nilimsikia kwa redio, sauti imezeeka lakini uongo bado ni mbichi, akisema alituokota Thika tukiwa hatujui hata kushika gitaa. Nilitaka kuirusha hiyo redio ukutani, lakini ni yangu, na sitaharibu kitu changu kwa sababu ya Kagwe. Nikaketi nikasema, wacha na mimi niseme. Mimi ndiye nilikuwa mbele ya maiki siku iliyotupa hilo jina, na sijasahau kitu.

Naitwa Tausi. Nimezaliwa Majengo, Thika, mtoto wa pili wa mama ambaye mtaa mzima ulimjua kama Mama Rama, kwa ajili ya kaka yangu mkubwa. Baba alituacha nikiwa darasa la tatu, Mungu amrehemu. Mama alikuwa anafuma vitambaa kwa kiwanda cha nguo, shifti ya pili, kuanzia saa nane mchana, mashine ya kumi na nne. Alisimama mbele ya hiyo mashine miaka kumi na tisa. Jina lake la kuzaliwa niliwahi kuliona mara moja tu, kwa kitambulisho, na nilikifunika haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mwenyewe ndani. Kwetu mzazi hatajwi kwa jina. Unaweza kuiba sukari, utachapwa, yataisha. Lakini ukitaja mama yako jina mbele ya watu, hata majirani watauliza umelelewa na nani.

Bendi ilianza mwaka wa tisini na tatu, watu watatu na gitaa moja bovu. Gerishon alikuwa fundi wa mbao Kiganjo, kijana mrefu wa maneno machache. Alikuwa anapiga ngoma kanisani kwao mpaka wazee wa kanisa wakamwomba apumzike, kwa sababu alikuwa anazipiga kama mtu aliye na kesi nazo. Munyao alikuwa anachomelea mageti na madirisha, Mkamba mcheshi asiyeweza kukaa dakika mbili bila kuchokoza mtu. Mimi nilikuwa nauza leso na sare za shule kwa kibanda cha shangazi yangu.

Gerishon alinunua redio kuukuu kwa rundo la mitumba, na ndani akakuta kaseti isiyo na jina. Mzee fulani anaimba Kiingereza na gitaa lake linamjibu. Munyao akasema huyo mzee anaumwa na tumbo. Mimi nilirudisha kaseti mwanzo mara tano. Kiingereza chake sikukishika chote, lakini mpango wake niliushika: anasema neno, analirudia neno lile lile, halafu mara ya tatu anajijibu. Ai, huyo mtu nilikuwa naishi naye nyumba moja. Mama akitoka kazini alikuwa anavua viatu mlangoni akisema, miguu inaniuma. Anakaa kidogo, anasema, jamani, miguu inaniuma. Halafu anamalizia, na kesho wataniuliza kwa nini siwezi kusimama. Mama alikuwa anaimba wimbo wa yule mzee, ni gitaa tu alikuwa amekosa.

Hilo gitaa letu tulilitoa kwa mwalimu mmoja wa Kalimoni aliyekuwa anahama, na halikuwa na uzi hata mmoja. Nyuzi za dukani tulikuwa tunazisikia tu. Munyao akafumua waya ya breki ya baiskeli, akachagua nyembamba na nene, akazifunga. Kosa letu lilikuwa kuzikaza kama nyuzi za kawaida. Shingo ya gitaa ikaanza kujipinda, na Gerishon, fundi wa mbao, akasikia mti unalia akatuambia tuache mara moja. Ikabidi tulegeze zote mpaka sauti ikashuka chini kabisa, na mimi niliyezoea kuimba juu kama kwaya ya shule nikalazimika kuifuata huko. Huko chini ndiko nilikuta sauti yangu imekaa inaningoja. Muasya, fundi wa redio hapo Kiganjo, akatuundia amplifaya kutoka kwa redio ya zamani ya santuri, na haikuwahi kutoa sauti bila kukwaruza. Alitaka kuirekebisha. Tukamwambia akiigusa tutakosana.

Miaka miwili tulifukuzwa kila mahali. Harusi moja Kalimoni tulipiga nyimbo mbili tu, bibi harusi akatuma mtu atuambie tunatia wageni huzuni. Kule Kiuu mwenye baa alitusikiliza amekunja uso, akauliza hii ni muziki ya nchi gani. Nikamwambia ya Thika. Akasema Thika hakuna muziki kama hiyo. Nikamwambia sasa iko. Tulitoka hapo bila hata soda, lakini kichwa nilikuwa nimeinua, na Munyao alinicheka njia nzima ati nabishana kama mama wa soko.

Nyumbani nako kulikuwa na vita vyake. Mama alisema hakusimama mbele ya mashine miaka yote hiyo ili mtoto wake akaimbie walevi. Nilimwambia naimba, silewi. Akasema wanaonitazama hawajui tofauti. Hakunifukuza, lakini nikitoka na gitaa alikuwa anageuka kuangalia ukuta, na hilo lilikuwa linauma kuliko kufukuzwa.

Halafu akaja Kagwe. Alikuwa na bustani ya nyama choma Ruiru, mtu mnene wa sauti ya upole, kofia haitoki kichwani hata akiwa ndani ya nyumba. Alikuwa na vyombo. Seti nzima ya ngoma, gitaa mbili, besi, spika za urefu wa mlango, na jenereta ya stima ikipotea. Waliokuwa wanapiga muziki wa baa siku hizo wanajua mpango ulivyokuwa: vyombo vikiwa vya mtu, bendi pia ni yake. Jina ni lake, mashati ni yake, na wimbo ukiutunga ukitumia gitaa lake, na huo pia ni wake. Alituita Kagwe Bustani Bendi, akatushonea mashati ya njano yenye jina lake mgongoni. Tulivaa. Nani angekataa? Gerishon alipokalia zile ngoma mara ya kwanza nilimwona akifuta macho, na akasema ni vumbi.

Kulikuwa na sheria nyingine. Mtu mkubwa akiingia, mwimbaji anatakiwa amwone na achomeke jina lake ndani ya wimbo, hata kama wimbo ni wa msiba. Nilitaja wenye malori, nikataja wakandarasi, nikataja diwani na bibi yake. Niko katikati ya mtu amefiwa, ghafla naingiza mwenye hoteli fulani wa Juja, na yeye kule anainua chupa. Ilikuwa inanichoma. Lakini vyombo vilikuwa vinanguruma vizuri, sitadanganya, na Jumapili alasiri watu walianza kuja kutoka Githurai, kutoka Thika, kutoka Juja. Walikuwa wanakuja kumsikia yule msichana wa sauti nzito. Kagwe akaanza kuongea juu ya kutupeleka Nairobi turekodi kaseti.

Hapo ndipo kiwanda kilifunga shifti ya pili. Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa tisini na tano. Mama alitoka nyumbani saa saba na nusu kama kawaida, na saa tisa nikamwona anarudi. Karatasi ilikuwa imebandikwa getini. Haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Ilikuwa na nambari za kadi, thelathini na moja, na kila mwanamke alikuwa amesimama pale na kadi yake mkononi akitafuta nambari kama matokeo ya mtihani. Walizoea nambari. Kila siku kabla mashine hazijawashwa msimamizi alikuwa anasoma nambari, na kila mmoja anajibu, niko. Lakini miaka yote hiyo, halafu wanafukuzwa na karatasi ambayo haina hata adabu ya kuwataja? Nilikasirika.

Mama hakulia. Alikunja koti lake la kazi, akalipiga pasi, akalikunja tena. Nilimuuliza ni akina nani wengine. Akaanza kutoka mlangoni mwa kiwanda, mashine kwa mashine, akionyesha na kidole kana kwamba zimepangwa hapo sebuleni. Mashine ya kwanza, Wamboi. Ya pili, Rachael. Ya tatu, Ruqayya. Ya nne, Syombua. Akaenda hivyo bila kusita. Alipofika kumi na tatu alisema Nyokabi, halafu akasema, hapa ni mimi, akaruka akaenda kumi na tano.

Nikamuuliza kwa nini hawaiti wenzake Mama fulani, kama mtaani. Alinitazama kama nimeuliza swali la kijinga. Akasema ndani ya kiwanda hakuna mama wa mtu. Msimamizi aliwaita nambari, basi wao kwa wao wakakubaliana waitane majina waliyozaliwa nayo, ili yasipotee. Nikalala nikilifikiria hilo. Mama yangu alikuwa na mahali pamoja tu duniani pa kuitwa jina lake, na hapo ndipo walipomfungia mlango.

Wimbo ulitoka wiki hiyo hiyo. Nilitumia mpango wa yule mzee wa kaseti. Wamboi, mashine ya kwanza. Nasema Wamboi, mashine ya kwanza. Walimwita nambari, mimi namwita Wamboi. Halafu mwendo unakaza, majina yanafuatana moja kwa moja, thelathini na moja, gitaa linajibu kila jina. Tuliufanyia mazoezi kwa karakana ya Muasya, na gitaa letu la waya za breki, besi ya kuazima na debe kuwa ngoma, kwa sababu huu wimbo sikutaka utungwe kwa chombo cha Kagwe akadai ni wake. Nilipofika mashine ya kumi na nne nilinyamaza. Gerishon akapiga mapigo manne peke yake, nikaingia na kumi na tano. Munyao akasimamisha besi akaanza vituko vyake, ati hiyo mashine ilikuwa imeharibika ama mwenyewe alikuwa likizo. Nikamwambia hapo ni mama yangu. Akasema basi nimtaje tu, wimbo hauwezi kuwa na shimo. Nikamuuliza yeye mama yake anamwita nani. Akarudi kwa besi yake. Toka siku hiyo hilo shimo halikuguswa tena.

Tuliupiga Ruiru mara moja tu, Jumapili moja ya mwezi wa pili. Watu waliacha nyama mezani. Nilipomaliza mwanamume mmoja aliyekuwa amevaa ovaroli alisimama, akavua kofia, akabaki amesimama hivyo. Sijawahi kupigiwa makofi yaliyonifanya nijisikie vile. Kagwe alituita nyuma ya jiko. Hakupaza sauti. Alisema meneja wa kile kiwanda ni mteja wake wa Ijumaa, na huo wimbo asiusikie tena ukitoka kwa spika zake.

Maneno yakamfikia mama kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta amesimama katikati ya nyumba.

"Majina ya watu umeyapeleka kwa baa," alisema.

Nikamwambia sikuyapeleka kuyachezea. Nikamwambia watu walisimama. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi umeniweka wapi?"

"Nimeacha nafasi."

"Vizuri," akasema. "Hilo jina si lako kulitaja." Akaingia kupika. Sikujua kama nimesamehewa ama nimehukumiwa.

Mwezi wa nne Kagwe alikuja na tabasamu. Amepata kazi kubwa, sikukuu ya Leba, uwanjani Thika, mahema na wakubwa, na mgeni wa heshima ni huyo huyo meneja. Sisi tutapiga. Nitaimba jina la meneja mara tatu, vizuri, kama nilivyomwimbia diwani. Tukifanya hivyo, wiki itakayofuata tunaingia studio Nairobi. Tukikataa, kuna vijana wengine wanamsumbua kila siku wanataka vyombo. Alitupangia hivyo, akaenda zake.

Tulikosana vibaya. Munyao alikuwa anataka studio na hakuficha. Alisema tumelala na njaa miaka mitatu, mlango umefunguka, na mimi nataka kuubamiza kwa sababu ya kiburi. Alisema wale kina mama hawatarudishwa kazini na wimbo. Nikamwita mbwa wa Kagwe. Lilikuwa neno baya na nililijutia likiwa bado mdomoni. Gerishon alikuwa anapiga msasa kiti cha mtu. Mwisho wa yote nilisema sawa. Nilisema sawa kwa mdomo, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu hata mimi nilikuwa naitaka hiyo studio. Hilo nalisema wazi, kwa sababu Kagwe kwa redio hakusema ukweli hata mmoja, na mimi sitaki kufanana naye.

Siku ya Leba ilikuwa jua kali. Wakubwa walikaa kwa mahema, sisi tukapangwa kwa trela la lori lililosimamishwa mbele yao, mashati ya njano yamepigwa pasi, jenereta ya Kagwe inanguruma nyuma na yeye mwenyewe amesimama kando yake. Wananchi walikuwa wamejaa pembeni. Na upande wa kulia, nje ya waya wa uwanja, nikaona kitu cha bluu. Nilitazama tena. Walikuwa wanawake, wamevaa makoti yao ya kazi ya kiwanda, yamefuliwa na kupigwa pasi. Hawakubeba bango. Hawakuimba. Walikuwa wamesimama kwa mstari, na nilipoutazama ule mstari nikaelewa wamejipanga mashine kwa mashine, kutoka mlangoni. Nilihesabu na macho. Wa kumi na nne alikuwa amefunga leso ya kijani kichwani. Ile leso nilimnunulia mimi.

Meneja akasimama kuhutubia. Alisema kiwanda ni jamii moja. Alisema anamjua kila mfanyakazi wake kama anavyojua watoto wake mwenyewe. Watu wa hema wakapiga makofi, na mshereheshaji akasema sasa bendi itamkaribisha mgeni wetu kwa jina.

Nilisogea kwa maiki. Naapa sikuwa nimeamua kitu. Jina la huyo mtu lilikuwa limekaa hapo kwa ulimi tayari kutoka. Ndipo nikasikia Gerishon nyuma yangu. Aliacha mwendo wa kumsifu mtu, akaanza ule wa wimbo wetu, mzito, polepole, kama mtu anayebisha mlango na hana nia ya kuondoka. Niligeuka. Aliniangalia tu. Basi nikajua naenda wapi, na woga wote ukaniisha, nikabaki na hasira yangu safi.

"Huyu mzee anasema anawajua wote," nilisema kwa maiki. "Wacha tumsaidie kukumbuka."

Nikaanza. Wamboi, mashine ya kwanza. Nasema Wamboi, mashine ya kwanza. Na kutoka kule kwa waya, mwanamke wa mwisho kulia akainua mkono akaitikia, niko. Hakuna aliyekuwa amepanga hivyo. Ilikuwa ni mazoea ya miaka, ukiitwa unajibu. Nikataja Rachael, naye akajibu, niko. Ruqayya, niko. Syombua, niko. Wale waliojibu nambari miaka yote hiyo walikuwa sasa wanajibu majina yao, kwa sauti, mchana, mbele ya yule aliyewafukuza, na umati wote uligeuka kuwatazama wao. Meneja alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kwa jina la saba nilisikia besi ikiingia. Sikugeuka, lakini nilijua Munyao ameamua. Alikuwa ameiacha studio kama mimi, na alikuwa na mengi ya kupoteza kuliko mimi. Toka siku hiyo sijawahi kumrushia neno baya, na yeye hajaacha kunichokoza hata siku moja.

Nilikuwa nimemaliza mashine ya kumi na tatu, Nyokabi, niko, Kagwe akazima jenereta. Maiki ikafa. Gitaa likafa mkononi, besi nayo ikafa. Ngoma za Gerishon hazitaki stima, kwa hivyo hizo ziliendelea, na tulikuwa tumefika mahali petu pa kunyamaza. Akapiga mapigo manne. Uwanja mzima, maelfu ya watu, na hakuna sauti nyingine ila hayo mapigo manne, halafu hata hayo yakaisha.

Nilikuwa natakiwa kuingia na kumi na tano. Sikuweza. Nilikuwa namwangalia mwenye leso ya kijani. Ameshika waya na mikono miwili, na alikuwa ananiangalia mimi, hakuangalia ukuta.

"Nadira," alisema. Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya kelele za mashine, na ikafika mpaka kwa mahema. "Nadira, mashine ya kumi na nne. Niko."

Nimeyaandika kama alivyoyasema yeye. Si mimi niliyemtaja.

Nililia, na niliendelea kuimba nikilia. Bila stima, bila maiki, kumi na tano mpaka thelathini na moja, na ilipofika ishirini hata watu wa pembeni walikuwa wanajibu pamoja na wale wanawake. Halafu askari wakapanda kwa trela. Tulikaa kituoni mpaka jioni, wakituuliza leseni, wakituuliza nani ametutuma. Mwisho afisa mmoja akauliza mwenzake tumevunja sheria gani hasa, na hawakupata sheria inayokataza kutaja majina ya watu. Wakatuachilia.

Kagwe alikuwa anatungoja nje. Alitaka mashati yake, hapo hapo barabarani. Gerishon akavua, Munyao akavua, mimi nilikuwa na leso nikajifunga nikalivua langu pia, nikalikunja vizuri, nikamkabidhi. Akasema hatutapiga tena mahali popote kutoka Thika mpaka Ruiru. Nikamwambia angoje tu, atatusikia. Tulitembea mpaka Kiganjo wale wanaume wawili wakiwa na fulana, na Munyao akasema hata hivyo njano ilikuwa haimpendezi.

Tukarudi kwa waya za breki na amplifaya ya Muasya inayokwaruza. Tukajiita Shifti ya Pili, jina ambalo halina mwenyewe ila sisi. Kaseti tuliirekodi kwa karakana ya Muasya, na ukisikiliza vizuri utasikia mtu anagonga bati kwa jirani. Tulipofika wimbo wa majina, mama akaja. Alikaa kwa kiti cha Gerishon, mkoba kwa magoti, akasubiri sehemu yake. Munyao alimwomba asogee karibu na maiki na alimwita mama kwa adabu ambayo sijawahi kumwona nayo. Mama alisema jina lake mara moja, bila kurudia, na hiyo sauti ndiyo iko kwa kila kaseti iliyouzwa Thika, Ruiru, Githurai, mpaka Nakuru na Kisumu. Zilinakiliwa mpaka hatukujua ziko ngapi. Wafanyakazi wa mashamba ya mananasi walikuwa wanazipiga, walimu walikuwa wanazipiga.

Mwaka wa tisini na nane tuliitwa kupiga Ruiru, uwanjani, watu wamejaa mpaka juu ya miti ya jirani. Kagwe alituma mtu aseme vyombo vyake viko tayari, tusameheane. Nikamjibu tunavyo. Wakati huo tulikuwa na vyombo vyetu kweli, lakini gitaa nililopanda nalo lilikuwa lile la mwalimu wa Kalimoni, shingo imepinda kidogo, nyuzi za breki. Nilimwona Kagwe mwenyewe katikati ya watu, kofia kichwani.

Nilianza na Wamboi. Watu walikuwa wanayajua majina yote kuliko mimi. Wakati wa kumi na nne ulipofika nilifanya kama kawaida, nikafunga mdomo, nikarudi hatua moja nyuma. Gerishon akapiga mapigo yake manne. Nikangoja sauti ya mama ya kwa kaseti ijibu kichwani mwangu, kama ilivyokuwa inafanya kila mahali.

Lakini uwanja wote ukalitaja. Wazee, wasichana wa shule, makanga wa matatu, watu ambao hawajawahi kuona hata mlango wa kiwanda. "Nadira," walisema kwa sauti moja, na likaenda mpaka ng'ambo ya reli.

Mama alikuwa amekaa chini ya ngazi za jukwaa, alikuwa amekuja ati kuniletea chai. Aliweka chupa ya chai chini, akasimama, akanyoosha leso yake.

"Niko," akajibu.

Nikarudi kwa maiki nikaingia na mashine ya kumi na tano.